Jasho la Mabati

Jumatatu, 28 Aprili

Nimefuta tena. Ukuta wa chumba cha Mama, ukuta wa sebule, kisha meza ya cherehani. Tambara nimelikamulia nje, maji yakachuruzika kama ya nguo iliyotoka kufuliwa. Mabati yanadondosha tangu alfajiri. Kuna tone linaloniangukia shavuni, palepale, hata nikisogeza kitanda. Nadhani limenizoea.

Mama alianza kukohoa kabla ya adhana. Amekunywa chai yake, akayatazama mabati, kisha akanitazama mimi. Hakusema neno. Mama akinyamaza hivyo najua nina kesi.

Sare za shule nilizomaliza wiki jana zimeota kuvu kwenye kola. Vidoa vya kijani, vidogo, kama vimemwagwa makusudi. Nimezisugua kwa ndimu na chumvi, nikazianika. Nimeudhika mpaka chakula cha mchana kimenishinda.

Jumatano, 30 Aprili

Leo Mama amesema. Tulikuwa tunachambua mchicha nyuma ya nyumba. "Roda, mimi narudi kwangu Wema. Nyumba hii yenu yanilaza ndani ya maji."

Nyumba hii tuliijenga mimi na ndugu yangu Jillo kwa ajili yake. Kule kijijini Wema maji ya mto yalimkuta kitandani. Akabebwa mgongoni hadi kwenye mtumbwi, amekumbatia mto wa kulalia na sufuria moja. Nikaapa hatalala tena bondeni masika. Tukatafuta kiwanja hapa Garsen, mahali palipoinuka. Matofali ya saruji, mabati mapya, sakafu laini. Nilijivuna sana siku ya kuhamia. Ile nyumba yake ya udongo na makuti bado imesimama kule ukingoni, na kila siku inazidi kuwa nzuri mdomoni mwake.

Nilimwambia mto unapanda. Akajibu kwamba mto ulikuwa ukipanda kabla sijazaliwa, na kwamba maji ya mto yana adabu, yanakuja na yanaondoka. Haya ya mabati hayaondoki.

Naogopa. Akienda Wema mwezi huu, sina hakika nitamwona tena.

Ijumaa, 2 Mei

Zahanati. Muuguzi amemsikiliza kifua mbele na nyuma. Amempa dawa, na amesema dawa haitafanya kazi ikiwa analala penye unyevu na kuvu. Anahitaji nyumba kavu. Mama akaitikia kwa kichwa, kwa furaha. Tulipofika nje akaniambia nyumba kavu anayo.

Jioni nimemchemshia maji yake ya kujifukiza kama kawaida. Majani ya mwarobaini na mchaichai, sufuria kubwa, juu ya jiko la makaa chumbani kwake. Anajifunika shuka gubigubi, dirisha tunafunga ili mvuke usipotee. Akimaliza anapumua vizuri, uso unang'aa, tunazungumza hata tunacheka. Ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Halafu alfajiri kikohozi kinarudi.

Jumamosi, 3 Mei

Jillo amekuja kutoka Hola. Tumeuzunguka ukuta wote kwa nje na kwa ndani. Chini, karibu na sakafu, kuna mstari wa unyevu, rangi imebambuka. Jillo akasema, "Dada, maji yanatoka chini." Mama akasema hilo angetuambia tangu mwaka jana kama tungemuuliza.

Basi, tuta. Sisi watu wa mtoni hatuna dawa nyingine. Mto ukivimba tunaizungushia nyumba udongo wa mfinyanzi, tunaulundika ukutani, tunaukanyaga kwa miguu mpaka uwe mgumu. Mama amefanya hivyo tangu akiwa msichana. Leo alisimama na fimbo yake akituonyesha, hapa ongeza, hapa kanyaga, hapa mmelaza kama godoro. Jillo alisomba kwa wilbaro, mimi nikakanyaga. Udongo hadi magotini.

"Kanyaga wewe. Waogopa udongo? Umekuwa mtu wa mjini?"

Aliimba wimbo wa kukanyaga, nusu yake nimeusahau, akanikasirikia kwa hilo. Jua lilipozama tuta lilikuwa limefika kiunoni mwa ukuta pande zote. Nina maumivu ya mgongo na nimefurahi. Sijamwona Mama hivi tangu tuhamie.

Jumanne, 6 Mei

Mvua kubwa. Tuta limeshika, halijamomonyoka hata kidogo. Ndani mstari wa unyevu umepanda. Ulikuwa karibu na sakafu, sasa umeikaribia soketi. Sielewi. Nimetoa waya wa pasi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekaa nikafikiri. Kama maji hayatoki chini, basi hewa ya mvua inaingilia juu. Kuna matundu ya hewa chini ya paa, fundi aliyaacha, na hata siku ile nilimuuliza ya nini. Leo nimepanda ngazi nikayaziba yote. Magunia, na mabaki ya vitambaa vya sare. Nyumba sasa ina viraka vya buluu chini ya paa.

Mama amependa. Mbu wamepungua na baridi ya alfajiri haimfikii.

Halima jirani alileta maziwa, akasimama akatazama juu muda mrefu. Yeye ni Muorma, amelelewa kwenye nyumba ya mikeka na nyasi, na nyumba yetu humchekesha siku zote. "Roda, mumeficha nini humo ndani?" Nimecheka. Nimemwambia tumeficha Mama.

Ijumaa, 9 Mei

Kumenyesha ndani. Nje hakukunyesha.

Jumapili, 11 Mei

Mama hakwenda kanisani. Niliporudi nikamkuta amefungasha kikapu. Leso zake, Biblia, ile sufuria. Amekwisha sema na kijana wa bodaboda. Jumamosi anaondoka.

Jillo amepiga simu kutoka Hola. Mto kule umejaa hadi kwenye miti ya ukingoni, na maji wanayoyaona wao hayakawii kutufikia sisi. Nimemweleza Mama. Akasema anaujua mto kuliko Jillo.

Tukagombana. Mimi na mama yangu, kwa sauti, madirisha yamefungwa. Alisema nimemleta hapa aoze. Nikasema, nenda basi. Nimemwambia hivyo. Akatoka akakaa nje kwenye tuta, amenipa mgongo. Nilimpelekea chai, akaipokea bila kunitazama.

Jumatatu, 12 Mei

Msiba huko Ngao. Binamu yake Mama amefariki. Tunaondoka mchana huu, tutalala huko. Hatusemezani lakini amenipa kikoba chake nimbebee.

Jumatano, 14 Mei

Tumerudi asubuhi mapema. Umande mzito njia nzima, majani yamelowa, sketi yangu imelowa hadi magotini. Nimefungua mlango nikiwa tayari na tambara mkononi.

Mabati makavu.

Nimepanda kitini nikayapapasa. Makavu. Yale matundu bado yamezibwa kama nilivyoyaacha, madirisha yamefungwa, umande nje ni uleule. Kitanda changu kikavu. Nikakaa juu yake nikiwa na viatu na kila kitu.

Kwa hiyo maji hayakuja kutoka nje. Sisi ndio hatukuwepo. Hakuna aliyepumua humu, hakuna aliyepika chai, hakuna aliyechemsha sufuria ya kujifukiza. Yale maji ni yetu. Yanapanda kwa mvuke, yanakutana na bati lililopoa, yanageuka matone na kuturudia usoni. Na mimi nimeziba njia zote za kutokea.

Nikafikiria ile sufuria. Jioni baada ya jioni nimemchemshia Mama dawa ya kikohozi, na alfajiri ile dawa inamdondokea kama maji baridi na kumkohoza. Kwa mkono wangu, kwa upendo wote. Nimelia kidogo, kisha nikapika ugali.

Alhamisi, 15 Mei

Jana jioni sikumwambia kitu. Nilitaka kuhakikisha. Nilichemsha kama kawaida, tukafunga kama kawaida. Asubuhi mabati yanadondosha, na chumbani kwa Mama ndiko kulikozidi.

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo pumzi yangu ndiyo mbaya." Kila nikieleza upya linazidi kuwa tusi. Mwisho nikamwomba kitu kimoja tu, ajifukize nje kwenye kibanda cha jikoni, leo tu. Amekubali ili nimwache apumzike.

Nimepanda ngazi nikatoa magunia yote. Nimepigilia wavu wa mbu kwenye matundu. Wavu umepinda. Mimi ni fundi wa nguo.

Ijumaa, 16 Mei

Mabati makavu tukiwa ndani. Mama amekohoa mara chache. Ameyatazama, amekunywa chai yake. Hakusema neno lakini leo si kesi.

Ukuta bado. Chini umelowa vibaya, plasta inang'oka kwa kucha. Nimekwenda nje nikachimba tuta kidogo kwa mkono. Ndani ya tuta udongo umelowa chepechepe na umelala moja kwa moja kwenye matofali. Matofali ya saruji yanakunywa maji. Tuta huzuia mto siku chache, kisha kule kwetu watu hulibomoa maji yakipungua. Hili letu halizuii mto wowote. Limekaa hapo linaunywesha ukuta mvua.

Nimemwambia Mama nataka kulibomoa. Alinishika mkono. Hajanishika hivyo tangu nikiwa mdogo. "Mto unakuja, Roda. Hakuna mtu abomoa tuta mto unakuja."

Na ni kweli. Hakuna. Mtu yeyote wa Wema akinisikia atanifunga kamba.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeanza kubomoa alfajiri, kabla sijabadili mawazo. Jembe na koleo. Udongo ule tuliokanyaga vizuri, na tulikanyaga vizuri kweli, umenitoa malengelenge.

Mama alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kikapu mapajani, amevaa leso zake za safari. Anasubiri bodaboda. Mimi nachimba, yeye anasubiri. Halima alipita na maziwa, akatuona, akaendelea na safari yake.

Kijana wa bodaboda akafika. Akasema pale bondeni maji yameanza kukata barabara, kwenda Wema bado kunawezekana, kurudi hajui. Akasema, "Nyanya, ni sasa ama tungoje mto." Nilitaka kutupa jembe nikamshika Mama miguu. Sikufanya hivyo. Niliendelea kuchimba kwa sababu nilijua nikisimama nitalia, na nikilia ataenda kwa hasira.

Mama alinitazama. Akautazama upande niliokwisha kuubomoa, ukuta uko wazi, umelowa, umechafuka. Akamwambia kijana aende zake. "Siwezi kumwacha huyu peke yake na wazimu," akasema. "Acha kwanza nyumba yake izame, nimtoe, ndipo nitakwenda."

Amerudisha kikapu ndani. Sijawahi kufurahia dharau namna hii.

Jumatatu, 19 Mei

Maji yamefika. Uwanda wote wa chini ni ziwa la rangi ya chai. Barabara ya Wema haipo. Tuta nalo halipo, nimelimaliza jana na udongo nimeutupa mbali.

Mama amechomeka kijiti pale maji yalipoishia na anakwenda kukitazama kila mara. Haniambii anachokiona. Mimi nimejaribu kushona, nimeshona mfuko wa suruali juu chini.

Maji yakiingia humu nitakuwa nimemzamisha kwa jembe langu mwenyewe. Sijawahi kuogopa hivi, hata mwaka ule wa mtumbwi. Mwaka ule ulikuwa mto tu.

Jumanne, 20 Mei

Yamepanda. Si mengi. Nimeinua cherehani juu ya meza, na magodoro juu ya kabati. Mama ameniambia niyashushe magodoro, atalala wapi.

Ijumaa, 23 Mei

Maji yamesimama. Tangu jana kijiti hakijasogezwa. Kiwanja chetu kiko juu vya kutosha, kama mpima ardhi alivyotuambia tuliponunua, na kama nilivyoacha kumwamini mara nilipoona tone la kwanza.

Ukuta unakauka. Chumvi nyeupe inatoka nje ya matofali, nimeifagia kwa brashi kavu. Ule mstari umeanza kushuka. Jua lilipopiga upande wa chumba chake, Mama alipita akaugusa kwa nyuma ya mkono, vile anavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Akadhani simwoni.

Anajifukiza nje kila jioni, amejifunika shuka, kuku wanamzunguka. Halima amesema kwa mbali anafanana na nyumba za kwao.

Jumatatu, 2 Juni

Kikohozi karibu kimekwisha. Plasta ya chini nimeibandua yote, ukuta upumue. Unatisha kuangalia lakini ni mkavu. Sare mpya hazina doa. Nimelala mpaka jua likanikuta kitandani.

Halafu mchana nikamsikia Mama nje akimuuliza kijana wa bodaboda barabara ya Wema itafunguka lini.

Nilikuwa ndani nakata kitambaa. Nimekata vibaya. Nilidhani nikiikausha nyumba nimemaliza. Nyumba ni kavu, kifua ni kizima, mto umekuja haukutufikia, na bado anauliza barabara. Kumbe unyevu ulikuwa ni kisingizio chetu sote wawili. Yeye anataka kwake. Hapa ni kwangu na amekaribishwa. Nimeumia, na sina ukuta wa kulaumu tena.

Nimepika samaki.

Jumanne, 10 Juni

Barabara inapitika kwa shida. Mama ametaka kwenda kuiona nyumba yake. Nimemwambia Jillo atakuja Jumamosi na pikapu ya rafiki yake, twende wote. Nilitarajia abishe. Akasema vema, mlete na bisibisi na nyundo. Nadhani anataka kutengeneza kitanda chake. Sijalala vizuri.

Jumamosi, 14 Juni

Wema. Tumetembea kipande cha mwisho, matope mpaka juu ya kifundo. Wenyeji waliohamia juu wameanza kurudi, wanapanda mpunga pale maji yalipoondoka. Walimsalimu Mama kwa furaha, kila mmoja akimwuliza habari za Garsen.

Nyumba imesimama. Udongo umeporomoka upande wa mto, fito ziko wazi unaona hadi ndani. Ukutani kwenye chumba chake maji yameacha alama, mstari wa matope ulionyooka pande zote.

Mama aliingia peke yake. Mimi na Jillo tulibaki nje. Nilimwona kupitia katikati ya fito. Alikwenda mpaka kitanda kinapokaa, akasimama hapo, akainua mkono kufuata ule mstari. Ulikuwa juu ya kichwa chake. Mkono haukufika.

Alikaa ndani kwa muda. Hatukumwita. Jillo alichuna nyasi akazitupa, akachuna nyingine.

Alipotoka macho yalikuwa makavu. Akamwambia Jillo, "Toa mlango."

Jillo hakuelewa. Mimi nilielewa, nikageuka kutazama mto. Mlango ule ni wa mbao nzuri, marehemu baba aliuchonga mwenyewe kabla hawajaoana. Bawaba zilikuwa zimeshika kutu. Jillo alipiga nyundo, akafungua kwa bisibisi, akapiga tena. Majirani wakasogea wakatazama. Kwetu mtu haondoi mlango wa nyumba anayotarajia kurudi.

Tuliubeba hadi kwenye pikapu, mimi mbele, Jillo nyuma. Mama alitangulia na hakugeuka.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani asubuhi, sote wawili. Mchana joto zuri, upepo kidogo.

Chumba cha Mama kilikuwa na pazia tu. Baada ya chakula Jillo amejaribu kuweka ule mlango. Upana umekubali, kama umepimiwa hapo. Urefu haukutosha. Fremu yetu ni ya kisasa, ndefu, na juu limebaki pengo la kiganja.

Jillo akasema kesho atatafuta kipande cha mbao azibe.

Mama alikuwa amekaa kitandani, ndani, anaufungua na kuufunga, kusikia kama unalia. Akasema, "Acha hapo juu. Hewa ipite."

Tukaacha.